Mwaka Niliotaka Kubishaniwa

Nilikwenda Kihesa, Iringa, kumwona mgonjwa, nikaishia kumwonea wivu. Najua si jambo la kusemwa na mtu mzima mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, lakini nimefika umri ambao sina tena wa kumficha. Anjela alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mbao karibu na dirisha, mikono imebaki mifupa, hawezi kunywa mpaka mtu amshikie kikombe. Na bado jioni ile wajukuu wake walipojazana chumbani wakamwomba, "Bibi, tuambie zile siku tatu," uso wake ulifunguka, akaanza kusimulia jinsi wazee walivyobishana juu ya mahari yake siku tatu mfululizo mwaka wa hamsini na saba, wakamaliza vibuyu vya ulanzi, pombe ya mianzi, wakatoka nje wamenuna na kurudi ndani, wakakaribia kushikana mashati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkungu wa ndizi niliotoka nao Soweto, Mbeya, bado uko miguuni pangu, nikasikia moto uleule wa zamani ukiniwaka kifuani. Mwanamke anakufa, nami namwonea wivu kwa siku tatu za mahari. Mjukuu mmoja wa kike akanigeukia kwa adabu. "Na wewe, bibi, walibishana siku ngapi?" Nikamwambia anisogezee chai.

Mwaka ule tulikuwa wasichana wawili katika nyumba moja, hapohapo Kihesa, kwa baba yake Anjela, ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa. Kwa nini nililelewa kwake na si kwetu ni habari ndefu, tuiache. Tulilala kitanda kimoja, tukachanganya vitenge mpaka hatukujua kipi cha nani, na Anjela, aliyenizidi miezi mitano, aliitumia vizuri miezi hiyo kila ilipofika zamu ya kuosha masufuria. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na kati ya sebule na stoo palikuwa na ukuta ambao fundi hakuufikisha juu. Aliishiwa na matofali, Baba Mkubwa akasema patazibwa baadaye, na baadaye hiyo haikufika. Ukikaa stoo juu ya magunia ya mahindi ulisikia kila neno la sebuleni, hata mzee akikuna kidevu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo naweza kusema elimu yangu kubwa niliipata juu ya magunia yale, vumbi la mahindi likiniwasha shingoni.

Anjela alichumbiwa na Gaspari, seremala wa misheni, kijana mpole mwenye kidole kimoja kifupi. Wazee wake walikuja mwezi wa sita, wakati baridi ya Iringa inaingia mpaka kwenye meno, wakiongozwa na mshenga anayeitwa Mzee Mathei, mtu mdogo aliyevaa koti kubwa. Siku ya kwanza yote ilikwisha kwa salamu. Kamwene za huku, kamwene za kule, habari za mvua, za mifugo, za marehemu, na Baba Mkubwa akakataa hata kukiri kwamba anajua wamefuata nini, mpaka walipotoa kifungua mdomo. Ndipo akataja ng'ombe saba. Mzee Mathei akasema, "Tumesikia, baba. Lakini." Akanyamaza hapo. Mama Mkubwa, aliyekuwa ameingia stoo kuchota unga, akatutazama akatabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo lakini itatulaza na njaa." Na kweli tulikula giza limeshaingia, ugali na maharage, wanaume wakiwa wameanza kukohoa kwa maneno.

Kwa siku tatu hizo nilijifunza lugha nzima ambayo sikuwa naijua. Nilijifunza kwamba watu wakipatana bei hakuna anayesema hapana. Husema tumesikia, kisha lakini. Husema mkono wetu ni mfupi, au mtuangalie kwa jicho la huruma, au tusogezeeni kidogo tupate pa kukanyaga. Wakibanwa sana husema, "Tunaomba tutoke nje tukamwulize bibi," na bibi mwenyewe alikufa zamani. Wanakwenda kusimama nyuma ya choo na kunong'onezana, kisha wanarudi na ng'ombe mmoja zaidi. Baba Mkubwa alikuwa bingwa wa kupumua. Wakitaja ng'ombe wanne, alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, na wote walisubiri iishe. "Huyu ni mtu," alisema. "Nimemlea kwa mikono hii. Kuku nisingebishana." Na Mzee Mathei akajibu, "Ndiyo maana tumekuja kwa miguu yetu, baba. Kwa kuku tungetuma mtoto." Mimi gizani nilikuwa nikitafuna punje za mahindi mabichi kwa raha na kwa uchungu, maana kila neno lililotupwa pale liliangukia kwa Anjela kama ushanga, na mimi shingo yangu ilikuwa tupu.

Mzee Mathei alitaja pia kasoro. Mtu hapunguziwi bila sababu, na sababu huwa ni mali yenyewe. Alisema kwa upole kwamba wamesikia binti anakohoa kila kipupwe, na kwamba kwa kukaa sana na masista hajui kulima mstari ulionyooka, na kwamba kuna habari ya kijana mmoja wa jirani aliyepasuliwa kichwa kwa chungu. Niliziba mdomo nisicheke, kwa sababu kile chungu nilikiona kikipaa kwa macho yangu. Nilidhani na Anjela anacheka. Siku ya tatu aliondoka stoo akaenda jikoni, akakaa karibu na mafiga, na alipotoka macho yalikuwa mekundu; jiko lile lilikuwa na moshi mwingi, sikufikiri zaidi. Alasiri wakakubaliana. Wazee wa Gaspari hawakutaka kuvuka watano, Baba Mkubwa hakutaka kushuka chini ya sita, wakavutana mpaka Mzee Mathei akasema basi iwe watano, lakini mmoja awe na mimba. Sebule nzima ikacheka. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, na mwezi mzima mtaani kwetu watu waliisimulia ile mimba ya ng'ombe. Nilikuwa nikienda kisimani nasikia wanawake wakisema, "Huyo binti wanamjua thamani." Hawakuwa wananisema mimi.

Zamu yangu ilifika mwezi wa nane. Mchumba wangu aliitwa Ambakisye, fundi wa magari kutoka upande wa Mbeya, aliyepanga chumba karibu nasi na kununua maziwa kwa Mama Mkubwa kila asubuhi, hata asubuhi ambazo hakuwa na chombo cha kuyawekea. Mambo ya makanisa yetu mawili yalishazungumzwa na kukubaliwa. Lililobaki ni mahari, na mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayengoja harusi yenyewe. Nilisuka nywele. Nilipanga magunia stoo vizuri, la chini likiwa la kuegemea, nikijua nitakaa siku tatu, labda nne, maana Mbeya ni mbali na watu waliotoka mbali hubishana zaidi. Mama Mkubwa alichinja jogoo. Mjomba wake Ambakisye, Mzee Lusekelo, mkulima wa kahawa, akafika baada ya basi la siku nzima, nguo zimekuwa rangi ya barabara, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo. Alikaa, akasalimia, akatoa kifungua mdomo kabla hajaombwa. Baba Mkubwa akataja saba.

Nilingoja lakini. Anjela, pembeni yangu juu ya gunia, naye aliingoja, nilimsikia ameacha kupumua. Baba Mkubwa alikuwa ameshavuta pumzi yake ndefu tayari kuitoa. Mzee Lusekelo akasema, "Saba. Tumesikia. Ndaga, tunashukuru." Baba Mkubwa akauliza, "Mmesikia, halafu?" Yule mzee akasema, "Halafu basi, baba. Sisi maneno mingi hatuna. Kijana alishatuambia habari ya huyu binti. Tumekaa kule nyumbani tumetafuta cha kupunguza, hatukuona." Jogoo alikuwa bado mgumu chunguni. Wanaume walikaa wakatazamana, wakazungumza habari za barabara, kisha za mvua, kisha za barabara tena, na nyama ilipoletwa ilikuwa haijaiva, wakaivuta kwa meno kimyakimya. Saa mbili usiku mgeni alikuwa ameshaaga.

Nilitamani ardhi inimeze. Leo nikiandika sentensi ile ya Mzee Lusekelo naiona ilivyo, lakini wakati ule niliisikia kama tusi. Anjela akanishika bega, akasema, "Pole, mwenzangu. Umeondoka kama chumvi ya dukani. Mtu anaingia, anaitaja, anaichukua, anatoka. Mimi ningekuwa wewe ningedai warudi." Akalala vizuri usiku ule. Mimi nilikaa macho nikihesabu wanawake wa kisimani na yatakayosemwa. Kesho yake nikagundua kwamba si mimi peke yangu niliyeumia. Baba Mkubwa alikuwa akizunguka uani bila kazi. "Nimetaja kidogo," alimwambia Mama Mkubwa. "Mtu hakubali mara moja hivi. Amekuja na zaidi ya alichotoa." Mama Mkubwa akamjibu kwamba alitaja saba akitaka watano, na amepata saba, sasa analia nini. "Huelewi," alisema Baba Mkubwa. "Sikuongea." Nikamletea maji ya kunawa, nikasema kwa sauti ya mtoto mwema kwamba nadhani blanketi la bibi lilisahauliwa, na mkaja wa mama nao haukutajwa. Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za mvua.

Ambakisye alipokuja kuchukua maziwa nilimwambia mjomba wake amenidharau. Akauliza, "Amekudharau kwa kukubali?" Nikasema amenichukua bila neno, kama mtu anayeokota kitu njiani. Alicheka, kisha akaona sicheki naye, akaacha. "Skola," alisema, "mimi ndiye niliyemwomba. Niliogopa wakianza kuvutana watachoshana, mmoja akasirike, nikukose. Nikamwambia chochote watakachotaja, akubali, ng'ombe zinazopungua nitazitafuta mimi." Mwanamume alikuwa anasema hivyo mbele yangu akiwa ameshika chupa ya maziwa kwa mikono miwili, na mimi nilimjibu, Mungu anisamehe, "Basi wewe huna moyo wa kubishania kitu." Alifunga chupa yake akaondoka. Barua ya Baba Mkubwa ilienda Mbeya wiki hiyo. Ilidai blanketi, mkaja, na ng'ombe tisa.

Walirudi mwezi wa kumi, na safari hii Mzee Lusekelo hakuwa ndiye msemaji. Alikaa pembeni, kofia mapajani. Msemaji alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Mbalizi, Mzee Jofrei, mtu wa mnadani aliyezoea kufungua midomo ya wanyama kutazama meno. Alianza hivi: "Mlisema saba, tukasema ndiyo. Huo mlango ulikuwa umefungwa, mmeufungua wenyewe. Sasa ukifunguka, baba, hauingii mtu mmoja. Na sisi tunaingia." Kwa saa moja nzima nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa siku ya harusi yangu. Palikuwa na tumesikia, palikuwa na lakini, palikuwa na mkono mfupi na jicho la huruma, wakatoka nje kumwuliza bibi, wakarudi. Ulanzi ulifuatwa. Baba Mkubwa alipumua mpaka vumbi likainuka. Nilimbana Anjela mkono nikamwambia, "Unasikia?" Akasema anasikia.

Kisha Mzee Jofrei akaanza kupunguza. Alisema binti ni mrefu, akisimama na mumewe watu watacheka. Alisema darasa la nne ni sawa na hakuna. Alisema ametimiza miaka ishirini, na kwao msichana wa miaka hiyo ana mtoto wa pili. Nilikuwa bado natabasamu gizani, nikingoja Baba Mkubwa ajibu, na alijibu vizuri, alisema urefu ni wa kuchumia matunda. Ndipo yule mzee akashusha sauti kama anayesema jambo kwa huruma. "Na tumeuliza habari za mama yake. Tumeambiwa alizaa mara moja tu, huyuhuyu. Tumbo la namna hiyo, baba, mtu hanunui bila kuuliza. Wewe mwenyewe unafuga." Ilikuwa kweli. Baba Mkubwa alivuta pumzi, na ilipotoka alisema, "Basi tuanzie sita." Nilijua maana ya sentensi ile kuliko mtu yeyote nyumbani, kwa sababu ni lugha niliyojifunza mwenyewe: alikuwa amekubali.

Waliongea siku mbili. Mwishowe ilikuwa ng'ombe wanne, blanketi la bibi, na mapatano kwamba mjadala usifunguliwe tena na mtu yeyote. Kutoka saba tuliokuwa nao mkononi tulishuka mpaka wanne kwa jasho, na Baba Mkubwa alitoka sebuleni akiwa mtu mpya, akajinyoosha uani, akasema, "Leo tumeongea." Ambakisye alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa nachambua maharage. Alikaa sebuleni siku zote mbili kama desturi ilivyotaka, na desturi ilimtaka pia asifungue mdomo. Akauliza, "Umeridhika?" Nikasema nimeridhika. Alisimama kidogo, akaokota harage moja lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo, akaenda zake.

Tulifunga ndoa kabla ya Krismasi, na maneno ya Mzee Jofrei yalipanda basi la Mbeya pamoja na sanduku langu. Mtoto wangu wa kwanza alikawia miaka minne. Katika miaka hiyo wifi zangu walikuwa wakiangalia mkanda wa kanga yangu, na mama mkwe, mwanamke mwema aliyenifundisha kupika ndizi, alikuwa akinong'ona jikoni akidhani sielewi Kinyakyusa. Lakini wao niliwasamehe. Aliyenitesa ni mume wangu, na alinitesa bila kujua. Miaka arobaini na moja hakunitajia hata kasoro moja kati ya zile. Hakutaja urefu wangu, hakutaja darasa la nne, hakutaja tumbo, na kila alipokaa kimya mezani nilidhani anazipitia moja moja kichwani. Nilishindwa kumwuliza mpaka nikamzika. Na kila mara nilipopata habari kutoka Iringa, kwamba Anjela amezaa tena, kwamba Gaspari amemjengea nyumba ya bati, nilisema moyoni, huyo walimbishania siku tatu wakamchukua bado ana thamani. Mimi walinipunguza na sikuongezwa tena.

Asubuhi baada ya jioni ile ya wajukuu, watoto walikwenda kanisani, tukabaki wawili. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na uji wa ulezi. Nilikuwa namnywesha kidogokidogo. Alimeza, akapumzika, akasema, "Skola, ile ya chumvi ya dukani niliisema makusudi."

Nikamwambia najua, ulikuwa unanicheka, tulikuwa watoto.

"Hujui," alisema. "Sikuwa nacheka. Mimi nilikaa na wewe juu ya yale magunia, nikamsikia yule mzee wako akisema walitafuta cha kupunguza hawakuona. Kwangu walipunguza siku tatu. Kifua changu, jembe langu, hasira zangu, na baba yangu anaitikia. Nililia jikoni mkasema moshi. Halafu wewe unakuja, mtu anasafiri kutwa nzima kwenye basi, anasema hakuna cha kupunguza. Nilikuonea wivu, Skola, mpaka nikaumwa. Nikataka na wewe upunguzwe."

"Lakini jana umewasimulia watoto unacheka."

"Ningewasimuliaje? Nililazimika kuipenda. Ndiyo niliyokuwa nayo." Akafumba macho. "Miaka yote nikisikia jina la Mbeya nakumbuka ile sauti ndogo ya yule mzee. Hata Gaspari akiniudhi, nilikuwa nasema, Skola yuko huko na mtu ambaye hakutaka kumbishania. Naomba unisamehe."

Nilipaswa kukasirika. Niliitafuta hasira ndani yangu, na sababu zilikuwepo, miaka minne ya kanga na miaka arobaini na moja ya kumtazama mume wangu akila. Nilipaswa pia kulia kwa ajili yake Ambakisye, na baadaye nililia, peke yangu, kwenye basi la kurudi. Lakini lililonipanda kwanza kifuani asubuhi ile, naliandika kama lilivyokuwa, lilikuwa furaha. Nimeishi nikimwonea wivu mwanamke huyu tangu tukiwa wasichana, na kumbe muda wote ule alikuwa upande wa pili wa jambo lilelile, ananitazama mimi. Nikamwambia nimemsamehe, na nilimsamehe kweli. Nikamshikia kikombe akamaliza uji, nikamfuta kidevu kwa ncha ya kanga yangu. Kisha nikakisogeza kiti karibu na mto wake, nikamwomba arudie ile sehemu ya wivu, polepole, tangu mwanzo.